Ufundi bomba unaanzia wapi: VETA, fundi wa mtaani au tangazo la serikali?

Kijana aliyemaliza shule akiuliza mtaani ajifunzie wapi ufundi bomba, hupewa majibu matatu. Wa kwanza atamwambia nenda VETA, yaani vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Wa pili atasema VETA ni nadharia tupu, mfuate fundi, ndani ya mwaka utakuwa umeiva. Wa tatu atamwambia atulie, serikali huwa inatoa nafasi za uanagenzi bure, asubiri tangazo. Wote watatu wanasema kweli, ndiyo maana kijana anaondoka amechanganyikiwa zaidi ya alivyokuja.

Tatizo ni kwamba majibu hayo yanachukuliwa kama njia tatu za kufika sehemu moja. Sivyo. Chuo kinakupa cheti na hesabu za kazi. Fundi anakupa mkono na wateja. Mpango wa serikali unakupa kidogo cha hiki na kidogo cha kile, ila kwa ratiba ambayo hukuipanga wewe. Anayetaka kuishi kwa kazi hii atahitaji cheti na mkono vyote, kwa hiyo kuchagua kimoja na kukitupa kingine hakumfai. La kuamua ni aanze na kipi, na akiwa huko adai nini.

Nitazungumzia zaidi Tanzania Bara. Kenya na Zanzibar nitazigusa mwishoni, kwa sababu taratibu zao ni nyingine.

Chuo kinatoa nini hasa

VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ufundi bomba ni moja ya fani zake za siku nyingi. Mafunzo ya muda mrefu yamepangwa kwa ngazi tatu, ya I, ya II na ya III. Mlango wa kuingilia ni mpana kuliko watu wengi wanavyodhani, maana aliyemaliza darasa la saba anapokelewa. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA vyenyewe imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kiasi kinakuwa kidogo hivyo kwa sababu sehemu ya gharama inabebwa na tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo waajiri hulipa kutokana na mishahara ya wafanyakazi wao. Hata hivyo mzazi asipige hesabu ya ada peke yake. Kuna ovaroli, buti, vifaa vya mazoezi, nauli ya kila siku, na hivi ndivyo vinavyowatoa watu chuoni kabla ada haijawatoa.

Masomo huanza Januari na maombi hupokelewa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Anayeshtuka Januari amechelewa mwaka mzima. Pia si kila chuo cha VETA kinafundisha kila fani, kwa hiyo swali la kwanza pale getini liwe hilo.

Nje ya VETA kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile 54 vya serikali vilivyotapakaa wilayani, kuna vyuo vya makanisa, na kuna vya watu binafsi. Hivi vya watu binafsi ndivyo vya kuangalia kwa macho mawili. Chuo chochote cha ufundi kinatakiwa kiwe na usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na orodha ya vilivyosajiliwa iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama. Usiridhike na bango. Uliza namba ya usajili, kisha uliza kama fani ya bomba imo kwenye usajili huo, kwa sababu kipo chuo chenye usajili wa ushonaji na upishi ambacho kesho kitaandikisha na mafundi bomba.

Sasa ile lawama ya nadharia tupu. Ina ukweli, maana mwanafunzi aliyefunga sinki mara nne kwenye karakana na kulifungua tena hajawahi kufunga sinki kwenye ukuta uliopinda wa nyumba ya mtu anayelia kuhusu gharama. Lakini nadharia hiyo ina kazi yake. Chukua nyumba ambayo tangi limewekwa juu ya mnara wa mita 3 na mwenye nyumba amenunua shawa ya umeme ya bei mbaya, ambayo haiwaki. Fundi asiyesoma atabadilisha shawa, atabadilisha koki, mwisho atamlaumu Mchina. Aliyekaa darasani anajua kwamba maji yanahitaji kimo cha mita 10 hivi kupata presha ya bar 1. Kwa hiyo mnara wa mita 3 ukishatoa urefu wa ukuta ambao shawa imefungwa unabaki na presha ndogo mno, na dawa ni kupandisha tangi au kuweka pampu ndogo. Hesabu hiyo inachukua dakika moja na inaokoa fedha ya mteja. Hakuna anayeifundisha juu ya mtaro.

Uanagenzi wa serikali

Kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, serikali imekuwa ikiendesha programu ya taifa ya kukuza ujuzi, na ndani yake kuna mafunzo ya uanagenzi. Vijana huchukuliwa kwa awamu, hupelekwa kwenye vyuo vilivyochaguliwa, hufundishwa kwa miezi kadhaa huku uzito mkubwa ukiwa kwenye vitendo, na ada hulipwa na serikali. Ufundi bomba umewahi kuwa miongoni mwa fani zinazotangazwa.

Ni nafasi nzuri ukiipata. Kasoro yake ni hiyo "ukiipata". Tangazo halina mwezi wake, nafasi ni chache kuliko waombaji, na chuo kilichopangiwa fani yako huenda kikawa mkoa mwingine, ambako malazi na chakula utajitegemea. Ningemshauri kijana aombe kila tangazo linapotoka, ila asikae nyumbani akilingoja. Na kama kuna mtu anakutaka fedha ili "akupitishie jina", huyo ni tapeli. Mafunzo yanayolipiwa na serikali hayana sababu ya kukudai hongo ya kuingilia, hata kama anayedai anajua jina la mkurugenzi na la dereva wake.

Kumfuata fundi

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo wengi wanapopotelea.

Kwenye saiti yoyote utamkuta fundi na utamkuta saidia fundi. Saidia fundi anachimba mtaro, anatindua ukuta, anabeba mabomba, anachanganya zege la kuzibia, jioni analipwa kibarua chake. Ni kazi halali na wapo waliolelea watoto kwa kazi hiyo. Lakini haina ahadi ya kujifunza. Unaweza kutindua kuta miaka mitatu na usishike mashine ya kuchomea hata siku moja, kwa sababu fundi anakulipa utindue, na ukiacha tindo ukaenda kutazama anavyounganisha, unamchelewesha. Mwanagenzi anakubali kupokea kidogo, pengine nauli na chakula tu, ili naye afundishwe. Vijana wengi wanalipwa kama mwanagenzi na kutumikishwa kama saidia fundi. Wanapata hasara pande zote mbili, na hawajui kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyesema lolote.

Kwa hiyo lazima lisemwe. Kwanza, mtafute fundi pale anapopatikana, yaani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, hadwea kwa lugha ya mtaani, kuanzia saa moja asubuhi. Mafundi wanapita kuchukua vifaa vya siku, wengine wanakaa pale nje wakisubiri wito. Usimfuate fundi kwanza. Mwulize mwenye duka. Yeye anajua mambo ambayo fundi hatakuambia kuhusu nafsi yake: nani anachukua vifaa mali kauli na kulipa siku aliyosema, nani anarudisha viungo vilivyobaki badala ya kuviuza, nani wateja wanakuja kumuulizia kwa jina na nani wanakuja kumtafuta kwa hasira. Fundi anayekopeshwa na hadwea ni fundi mwenye kazi za mfululizo, na hilo ndilo unalolihitaji kuliko maneno yake matamu.

Halafu mwendee kwa heshima yake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Unatafuta kazi?"

"Natafuta kujifunza, fundi. Kuchimba na kutindua nitafanya, ila naomba na kufundishwa kuunganisha."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayokutenganisha na wengine waliokuja asubuhi hiyo. Baadhi watacheka, baadhi watasema hawana muda, na wapo watakaotaka ada ya kufundisha. Ada si dhambi, mradi kinachofundishwa kitajwe. Mkikubaliana, nenda siku nyingine na mzazi au mjomba, muweke makubaliano kwenye karatasi moja. Haihitaji wakili. Iandike utakaa naye muda gani, utapata nini kwa siku, nani ananunua vifaa vya mkononi, na baada ya miezi mingapi utaanza kuunganisha mwenyewe yeye akiangalia. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kushuhudia. Wapo watakaosema fundi wa mtaani hawezi kukubali karatasi. Fundi aliye makini hukubali, kwa sababu naye anaogopa kufundisha mtu miezi minne kisha akimbie na wateja. Mwandikie hilo pia: mteja uliyemkuta kwa fundi wako ni wa fundi wako.

Kuna jambo moja la kazi hii ambalo anayeanza halijui, nalo linaamua uchague fundi wa aina gani. Kazi ya bomba katika nyumba mpya huja mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya plasta: kutindua, kulaza mabomba ukutani na chini ya sakafu, kujaza maji na kupima presha kabla ya kufukia. Mara ya pili ni baada ya vigae: kufunga choo, sinki, bafu, koki. Katikati, kwa jinsi tunavyojenga kwetu, panaweza kupita miezi sita au miaka miwili, mpaka mwenye nyumba apate fedha. Ukimfuata fundi mwenye saiti moja utajua nusu ya kazi. Tafuta mwenye saiti tatu nne zilizo hatua tofauti, au yule anayeitwa sana kwenye matengenezo. Matengenezo yana fedha ndogo lakini yanafundisha upesi, kwa sababu kila siku unaona makosa ya mafundi wengine yakiwa yamefunguliwa.

Na mtazame anavyofanya kazi kabla ya kumwita mwalimu. Viungo vya PPR, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuchomwa, vinatosha kumpima mtu. Mashine ya kuchomea hupashwa hadi nyuzi 260. Bomba la milimita 20 huingizwa kwenye kichwa kimoja na kiungo chake kwenye kichwa cha pili kwa wakati mmoja, sekunde 5. La milimita 25, sekunde 7. Unachomoa, unaunganisha kwa kusukuma moja kwa moja bila kuzungusha, unashikilia mpaka kitulie, unakiacha kipoe. Fundi mwenye haraka anazidisha joto. Plastiki inayeyuka kupita kiasi, inajikunja kwa ndani na kubana njia ya maji. Kwa nje kiungo kinapendeza kabisa. Ukuta unapigwa plasta, vigae vinabandikwa, na mwaka mmoja baadaye bafu la mwisho maji yanatoka kwa shida na hakuna anayejua pa kubomoa. Fundi anayehesabu sekunde kwa mdomo, hata kama anajua kwa uzoefu, ndiye wa kumfuata. Anayesema "tia tu mpaka ilainike" ni fundi maiko, yaani wa kubahatisha, mwachie hadwea yake.

Kwenye maji taka mtazame kamba. Bomba la inchi 4 linatakiwa lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo chemba, kile kishimo cha ukaguzi, iliyo mita 6 kutoka chooni bomba lake liwe limeshuka sentimita 12. Mwenye mazoea mabaya anakadiria kwa jicho. Mwenye kazi yake anafunga kamba, anaweka pima maji, anapima tena baada ya kumwaga mchanga wa kulalia bomba, kwa sababu mchanga huwa unaharibu kile alichopima.

Yatakayokukuta ukiwa mdogo kazini

Haya hayaandikwi kwenye makubaliano. La kwanza ni cha juu. Fundi anachukua vifaa vya 80,000, risiti inaandikwa 110,000, tofauti anagawana na hadwea. Utaliona wiki ya kwanza, pengine utatumwa wewe ukalete risiti. Mafundi watakuambia mteja naye anabana ufundi mno, kwa hiyo ni kufidia. Nawaelewa kwa nusu. Ila mteja wa siku hizi ana simu, anapiga picha kiungo na kuuliza bei duka la pili, na akishajua, anayechafuka jina si fundi peke yake, bali na kijana aliyeleta risiti. Ukijitegemea, taja ufundi wako wazi na umpeleke mteja akanunue mwenyewe.

La pili ni mita. Bomba la kutoka mtandao wa mamlaka ya maji hadi kwenye mita si lako kulishika. La baada ya mita ni la mwenye nyumba, nalo ndilo kazi yako. Siku utakapotumwa usiku ukapitishe bomba pembeni ya mita, ujue unatumwa wizi wa maji, ambao ni kosa kisheria, na atakayekutwa na spana mkononi ni wewe.

La tatu ni karo. Shimo la maji taka lililofunikwa hukusanya hewa zinazoangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Karibu kila mtu anajua kisa cha aina hii mahali fulani. Kama fundi anakuambia ingia haraka utoe kitambaa kilichoziba, kataa, hata kazi ikiishia hapo. Umri nao uzingatiwe: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inazuia aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi mahali penye mazingira ya hatari. Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka 15 kwa fundi afikirie chuo kwanza.

Mabinti huambiwa kazi hii ni ya nguvu. Nguvu inayohitajika hasa ni ya kukaza bomba la GI, yaani la chuma, na hiyo inategemea urefu wa mpini wa spana. Tatizo lao kubwa zaidi ni usalama wa kwenda na fundi mmoja mwanamume kwenye nyumba tupu. Ndiyo maana kwa binti ningeanza na chuo, kisha kampuni au mkandarasi mwenye watu wengi saiti, kabla ya fundi wa peke yake.

Kuunganisha cheti na mkono

Kwa kijana asiye na fedha, mpangilio unaowezekana ni huu: ukimaliza mtihani Novemba, usikae. Ingia kwa fundi, huku maombi ya chuo yakiwa yameshapelekwa. Ukipata nafasi Januari utaingia darasani ukijua viungo kama elbo, tii, soketi na yunioni kwa majina na kwa mkono, na mwalimu atakuona. Ukikosa, hujapoteza kitu. Likizo za chuo unarudi kwa fundi yule yule. Mwenye fedha kidogo na haraka anaweza kuanza na kozi fupi ya miezi michache, lakini asidanganyike kwamba imetosha. Hiyo inampa ulimi wa kuzungumza na fundi, basi.

Na aliyejifunzia mtaani pekee hana sababu ya kurudi darasani kuanza ngazi ya I. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao serikali nayo imekuwa ikiugharamia kwa awamu chini ya jina la urasimishaji ujuzi. Unapimwa kwa unachokijua na kukifanya, unafundishwa unachokosa, kisha unapewa cheti cha ngazi inayokustahili. Watu wengi hukwama kwenye ushahidi, maana kazi ya bomba ikiisha haionekani, iko ndani ya ukuta. Kwa hiyo piga picha kabla ya plasta, kila saiti, na uandike mahali, mwezi na ulichofanya. Omba barua fupi kwa fundi mkuu wakati bado mnaelewana. Cheti hicho kina maana hasa ukitaka ajira kwenye mamlaka ya maji au kwa mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, au ukiomba kazi Uarabuni, ambako picha za simu peke yake hazitoshi.

Zanzibar hali ni nyingine kiutawala: huko ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo kama Mwanakwerekwe kwa Unguja na Vitongoji kwa Pemba, kwa hiyo fomu za VETA hazihusiki. Kenya, mamlaka ya uanagenzi ni NITA, na mkataba wa mwanagenzi husajiliwa huko. NITA pia ndiyo inayosimamia mtihani wa ufundi unaopanda kutoka Gredi ya III hadi ya I, na fundi wa jua kali anaweza kuufanya bila kupitia chuo. Mtanzania aliyejifunzia Mombasa akarudi Tanga na cheti hicho asikitupe. Akiwasilishe chuo cha VETA kilicho karibu kama sehemu ya ushahidi wake, pamoja na zile picha.